Kutoka Mombasa hadi Jinja kwa nchi kavu: mwongozo kamili

Mtu wa Mombasa akisema anakwenda Jinja, swali la kwanza analoulizwa ni basi gani atapanda. Si swali baya, ila si la kwanza. Njia yenyewe haina fumbo: unapanda kutoka baharini, unapita Voi na Mtito Andei hadi Nairobi, kisha Nakuru, kisha mpakani, na baada ya zaidi ya kilomita 1,000 unafika mji ulio pale Mto Nile unapotokea Ziwa Victoria. Barabara ni ya lami mwanzo hadi mwisho. Nimeifanya safari hii mara kadhaa, na kila iliponiharibikia, iliniharibikia kwenye viungo: kituo cha treni cha Miritini, kuvuka mji wa Nairobi na mizigo, meza ya uhamiaji saa kumi za usiku, na pale basi linapokushusha Jinja au linapokupitiliza. Kwa hiyo mwongozo huu umekaa sana kwenye viungo hivyo, na barabara nimeigusa tu.

Anza na karatasi, wiki mbili kabla

Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Utaratibu huu ulianza 2014 baina ya Kenya, Uganda na Rwanda. Mimi hata hivyo husafiri na pasipoti, kwa sababu kitambulisho kikipotea ugenini umepoteza kila kitu pamoja, hata namna ya kujithibitisha kwa wakala wa pesa. Ukivuka kwa kitambulisho, huenda ukaandikiwa karatasi ya kupitia. Itunze hadi siku ya kurudi, maana ndipo wanapoiuliza.

Mtanzania asafiri na pasipoti. Na rafiki yako wa kutoka mbali anayetaka kuiona Kenya na Uganda kwa safari moja, mwambie aulizie visa ya kitalii ya Afrika Mashariki: ni dola 100, siku 90, na inafanya kazi Kenya, Uganda na Rwanda. Aipate kabla ya kuondoka kwao, asisubiri mpakani.

Kisha kuna kadi ya homa ya manjano, ile ndogo ya rangi ya njano. Hii ndiyo inayowakwamisha watu wengi kuliko muhuri. Chanjo huanza kuhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo kuchanjwa jana yake hakukusaidii. Habari njema ni kwamba tangu 2016 kadi haimaliziki muda: ukichanjwa mara moja, ni ya maisha. Piga picha kurasa zote na uziweke kwenye simu, lakini beba kadi yenyewe.

Ukisafiri na mtoto, beba pasipoti yake au cheti cha kuzaliwa, na kama mzazi mwenzako hayupo, barua yake ya ruhusa. Si kila ofisa atauliza, ila atakayeuliza hatakuonea huruma kwa kuwa mtoto amelala begani.

Chagua mpango wako wa saa

Kuna njia nne, na tofauti yake ni saa utakayokuwa mpakani.

Ya kwanza ni basi la moja kwa moja kutoka Mombasa hadi Kampala, unashuka Jinja. Faida yake ni kwamba huhami na mizigo. Hasara yake ni mgongo. Ni mchana kutwa na usiku kucha kwenye kiti kimoja, na dereva akichelewa Nairobi, umechelewa naye.

Ya pili ndiyo ninayoipenda: treni ya asubuhi hadi Nairobi, halafu basi la usiku. Treni inatoka saa mbili asubuhi, inakufikisha Nairobi alasiri, unapata nafasi ya kula na kupumua, basi linaondoka jioni, unavuka mpaka alfajiri, na Jinja unafika asubuhi ya siku ya pili na siku nzima mbele yako.

Ya tatu ni treni ya usiku, ya saa nne. Inaingia Nairobi kabla ya alfajiri, unapanda basi la asubuhi, na unaingia Jinja usiku. Sikushauri kama ni mara yako ya kwanza. Kushushwa kando ya barabara kuu gizani, katika mji usioujua, si mwanzo mzuri.

Ya nne ni ya wasio na haraka: unalala Nairobi, unapanda matatu au shato (gari dogo la abiria) hadi Eldoret au Kisumu, unalala tena ukipenda, kisha unachukua gari dogo hadi mpakani na jingine kutoka mpakani hadi Jinja. Kwa mama mwenye watoto au mtu mwenye miguu inayovimba, hii ndiyo safari. Na macho yanaona: milima ya chai ya Kericho haionekani saa saba za usiku.

Kiungo cha kwanza: Miritini

Tiketi ya treni hununuliwa kwa simu, *639#, au kwenye tovuti ya shirika la reli, na malipo ni kwa M-Pesa. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida hadi Nairobi ni shilingi 1,500 na daraja la kwanza ni 4,500. Daraja la kawaida watu huketi wakitazamana magoti kwa magoti, na viti vimejaa hadi cha mwisho. Kwa safari ya mchana linatosha. Disemba, Pasaka na siku za kufunga shule tiketi huisha mapema mno, kwa hiyo kata tiketi kwanza, mambo ya basi baadaye.

Hapa pana mtego ambao nimeona watu wazima wakinaswa nao. Tiketi imeandikwa 08:00. Hiyo ni saa mbili asubuhi, si saa nane. Ya 15:00 ni saa tisa alasiri, ya 22:00 ni saa nne usiku. Treni hii haisubiri harusi wala msiba. Ikifika dakika yake, inaondoka.

Kituo hakiko mjini. Kiko Miritini, na foleni ya malori ya Changamwe haijui kwamba wewe una treni. Toka nyumbani mapema kiasi cha kufika kituoni dakika tisini kabla ya treni kuondoka. Kituoni mizigo yote inapangwa chini kwa mstari, watu wanarudi nyuma, na mbwa anapita akinusa begi moja baada ya jingine. Kisha mashine, kisha kuonyesha kitambulisho na kuchapisha tiketi, kisha ukaguzi mwingine. Kisu cha jikoni, panga, mtungi wa gesi na pombe haviingii. Kama unampelekea mtu madafu, hayo hayana neno, ila ujue utayabeba mwenyewe kwa kilomita elfu.

Ndani, hakuna la kufanya zaidi ya kutazama. Baada ya Voi reli inapita Tsavo juu ya tuta, na ukibahatika utaona ndovu wekundu kwa vumbi la udongo wa huko. Reli ya zamani, ile iliyoanzwa Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901, inapita jirani, na sehemu nyingine utaiona ikichungulia kwenye vichaka.

Kiungo cha pili: kuivuka Nairobi

Treni haifiki katikati ya Nairobi. Inaishia Syokimau, nje ya jiji. Wageni wengi hutoka mlangoni na kukutana na ukuta wa madereva wa teksi, wakalipa nauli ya kuudhi. Subiri. Kuna treni ndogo ya kuunganisha inayokungoja palepale kituoni na kukupeleka hadi stesheni ya zamani ya katikati ya mji. Nauli yake ni ndogo, ila lazima uende nayo moja kwa moja, maana haikai sana. Ukikaa kununua soda, imeondoka.

Mabasi ya Uganda mengi yana ofisi maeneo ya River Road, Accra Road na mitaa ya hapo karibu. Mchana, ukiwa na begi la mgongoni, unaweza kutembea kutoka stesheni. Usiku au ukiwa na masanduku, chukua teksi ya programu ya simu, na simu yenyewe uitumie ukiwa umesimama ndani ya stesheni, si ukingoni mwa barabara. Wapigadebe watakuvuta mkono na kukuambia gari lako limehamia kwingine. Halijahamia. Nenda ofisini kwa jina lililo kwenye risiti yako.

Unapokata tiketi ya basi, uliza mambo manne, na uyaulize kwa mdomo hata kama yameandikwa ukutani:

Linapita Malaba au Busia?
Litafika mpakani saa ngapi?
Linashusha Jinja, na ni wapi hasa?
Nauli ya Jinja ni tofauti na ya Kampala, au ni ileile?

Mara nyingi ni ileile, wala usipoteze nguvu kubishana. Swali la tatu ndilo lenye uzito, nitalirudia.

Chagua kiti upande usio wa jua kama ni safari ya mchana, na kama ni ya usiku, chagua cha katikati ya basi: mbele taa za malori zinakuchoma macho, nyuma matuta yanakurusha. Begi kubwa liingie kwenye buti na upewe kikaratasi cha namba. Begi dogo lenye pasipoti, kadi ya njano, pesa na chaja likae miguuni, kamba yake imezungushwa kwenye mguu. Chakula cha jirani mwenye ukarimu kupita kiasi ukikatae kwa adabu. Watu bado wanatiliwa mchele, yaani dawa ya kulewesha, kwenye mabasi ya usiku, na huamka mchana wa pili hawana hata viatu.

Na sweta. Mtu wa pwani husikia neno "baridi" akadhani ni ile ya Julai kule Nyali. Baada ya Nakuru, njia ya Eldoret inapanda hadi Timboroa, juu ya mita 2,700 na pembeni kabisa mwa ikweta, na saa sita za usiku kioo cha basi hugeuka barafu mkononi. Beba sweta, soksi na leso au shuka la Kimasai. Usiviweke kwenye buti.

Malaba au Busia

Njia hugawanyika Mau Summit, mbele ya Nakuru. Kulia ni Eldoret, Webuye, Bungoma na Malaba. Kushoto ni Kericho, Kisumu na Busia. Malaba ni mpaka wa malori. Foleni yake huanza mbali, na dereva wa basi huipita kwa upande wa kulia huku abiria wakisoma dua. Busia ni mpaka wa watu: akina mama wenye ndizi, vijana wenye baiskeli, mji mmoja uliokatwa na mstari. Neno boda boda lenyewe linatoka mpaka huu, kwa vijana waliokuwa wakibeba watu kwa baiskeli kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mimi nikipewa kuchagua huchagua Busia, kwa sababu ya kelele za watu. Hata saa kumi za usiku huwi mpweke.

Kiungo cha tatu: mpakani

Kondakta atawasha taa na kupiga kelele. Kila mtu anashuka. Kabla hujashuka, fanya mambo mawili: soma namba ya basi na uipige picha, kisha tazama sura ya abiria mmoja au wawili mlioketi nao. Ukimwona mama mwenye kilemba cha kijani foleni, unajua basi lako halijaondoka.

Mipaka yote miwili ni ya kituo kimoja. Maana yake, muhuri wa kutoka na muhuri wa kuingia unagongewa katika jengo moja, nalo ni jengo la nchi unayoingia. Ukienda Jinja, unavuka kwanza, kisha unaingia upande wa Uganda. Humo dirisha la kwanza ni la Kenya, la pili ni la Uganda. Kijana atakayekufuata na kusema umeruka ofisi, kwamba arudi nawe upande wa Kenya kwa pikipiki akusaidie, anatafuta riziki kwako. Mwambie asante, endelea na foleni.

Ofisa atakuuliza unakwenda wapi na utakaa siku ngapi. Jibu fupi linatosha: Jinja, siku tano, kumtembelea ndugu. Jibu refu huzaa maswali. Kadi ya njano iwe mkononi, usianze kuitafuta dirishani. Ukimaliza, tazama tarehe ya muhuri kabla ya kuondoka. Kisha rudi kwenye basi, ambalo litakuwa limesogea mbele baada ya ukaguzi wa forodha; pale ndipo ile picha ya namba inakufaa, maana mabasi matatu ya rangi moja hupangana.

Pesa. Wabadilishaji watakujia na mabunda ya noti kabla hujafungua vizuri macho. Shilingi moja ya Kenya miaka hii ya karibuni imekuwa ikizunguka kwenye 27 au 28 za Uganda. Tazama kiwango cha siku hiyo kwenye simu ukiwa bado Kenya. Kisha fanya hesabu yako mwenyewe, si ya kikokotoo chao. Kwa kiwango cha 27, shilingi 5,000 za Kenya ni 135,000 za Uganda. Tarakimu hizi kubwa ndizo zinazowapumbaza watu: ukipewa 113,500 ukiwa na usingizi, unaona sifuri nyingi unashukuru. Hesabu noti moja moja, ukizitazama kama ni elfu 10 au elfu 1, na ukishazihesabu usimrudishie "aongeze moja". Akizirudisha zitakuwa zimepungua. Badilisha kiasi cha nauli, chakula na malazi ya siku ya kwanza tu. Mjini Jinja kuna maduka ya kubadilisha pesa yenye viti na risiti.

Kama umefika mpakani kwa magari madogo, upande wa Uganda uliza "taksi" za Jinja. Huko taksi ndiyo matatu. Ukiagiza teksi ukidhani ni gari lako peke yako, elewaneni kwanza.

Kiungo cha nne: kushuka Jinja

Kutoka mpakani unapita Bugiri na Iganga, kisha mashamba ya miwa yanaanza. Ukiona miwa, amka. Jiji la Jinja liko upande wa mashariki wa Nile, yaani kabla ya mto kwa anayetoka Kenya, na mabasi ya Kampala hayaingii mjini. Yanapita barabara kuu na kushusha watu kando, hasa maeneo ya Amber Court.

Safari yangu ya kwanza nilimwambia kondakta mara moja tu, Nairobi, kwamba nashuka Jinja. Akaitikia. Niliposhtuka usingizini, nje ya dirisha palikuwa na nyaya nene nyeupe zikipanda angani, na chini yake maji. Nilikuwa juu ya daraja jipya la Nile, lile lililofunguliwa Oktoba 2018, na Jinja ilikuwa imeshabaki nyuma. Nikashushwa upande wa Njeru na sanduku langu, kwa maneno makali ya kondakta ambaye aliniona mimi ndiye mwenye makosa. Boda ikanirudisha kupitia barabara ya zamani ya bwawa la Nalubaale. Tangu siku hiyo humwambia kondakta mara tatu: kwenye kukata tiketi, mpakani, na Iganga. Na huweka kengele ya simu, na ramani ikiwa wazi.

Tukiwa hapo, darajani na kwenye bwawa usitoe kamera. Pana walinzi, na hawafanyi mzaha.

Ukishuka Amber Court, bodaboda zitakuwepo. Taja bei kabla ya kupanda, na mtaa unaokwenda. Kwa Kiswahili utaelewana na madereva, wafanyabiashara na askari, lakini mji ni wa Wasoga, na salamu ya "kodheyo" hufungua uso wa mtu kuliko "habari" yoyote. "Webale" ni asante. Mwanamume muite ssebo, mwanamke nnyabo.

Asubuhi hiyo kula roleksi: mayai yaliyokaangwa na kabichi na nyanya, yakakunjwa ndani ya chapati moto. Wasoga wanasema ni yao, nami sibishani na mtu anayenipikia. Kisha lala. Mchana wake teremka hadi chanzo cha Nile, ukodishe boti. Elewaneni kama bei ni ya boti zima au ya kichwa. Nahodha atakuonyesha mahali maji ya ziwa yanapogeuka mto. Maporomoko ya Ripon ambayo mpelelezi Mwingereza Speke aliyaona 1862 yalizama bwawa lilipokamilika 1954, lakini jina la mji linayakumbuka: jinja ni jiwe.

Kurudi

Kurudi kuna ugumu mmoja mpya: mabasi yanatoka Kampala yakiwa yamejaa, nayo Jinja yanapita tu. Kata tiketi kwa wakala mjini siku moja kabla, pata namba ya simu ya basi lenyewe, na ukasubiri barabarani nusu saa mapema. Ukiona usumbufu, panda taksi ya asubuhi hadi Busia, vuka kwa miguu mchana, uchukue matatu hadi Kisumu. Safari hii madirisha yote mawili yatakuwa kwenye jengo la upande wa Kenya.

Mifuko ya plastiki, ile wanayoiita kavera, iache Uganda. Kenya imeipiga marufuku tangu Agosti 2017, na maofisa hupekua. Hamishia ndizi zako kwenye kikapu kabla hujafika foleni.

Treni za kushuka Mombasa zinatoka Nairobi saa zilezile: mbili asubuhi, tisa alasiri, nne usiku. Basi likikushusha Nairobi alfajiri, usikatie ya saa mbili. Foleni ya Mombasa Road na ule ukaguzi wa mbwa vitakumalizia muda wote. Kata ya saa tisa, ukaoge mahali, unywe chai.